Nilisikia "nzuri", sikusubiri "ila"

Kijana wa mbio za mita 800 alipofungasha mizigo yake na kuondoka kambini, mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua sababu. Mpishi alijua. Dereva wa basi alijua. Wenzake wawili waliolala naye chumba kimoja walijua tangu siku ya kwanza. Mimi niliyeajiriwa kuwasikiliza wanamichezo wale nilikuwa na faili lake lenye kurasa 11, na hakuna hata ukurasa mmoja uliosema kwamba kijana huyu amefiwa na baba yake.

Naandika haya kwa wenzangu wanaoanza kazi ya saikolojia ya michezo, na kwa makocha pia, hasa wenye timu iliyokusanya watu wa lugha, dini na malezi tofauti. Nilidhani najua kazi hii. Niliyoyakosea yaliwagharimu watu wengine kuliko yalivyonigharimu mimi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kambi yetu ilikuwa ya michezo mbalimbali, na vijana walitoka nchi saba. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, ingawa kwa wengi wao kilikuwa lugha ya pili au ya tatu. Nilifika nikiwa na shahada ya pili na begi la vitendea kazi: mazoezi ya kupumua, mazoezi ya kujenga picha akilini, fomu za kuweka malengo, na dodoso la wasiwasi kabla ya mashindano.

Dodoso lenyewe lilikuwa lile la Rainer Martens na wenzake la mwaka 1990, ambalo watu wa fani wanalifahamu vizuri. Lina sentensi 27. Kila sentensi unaipa namba, kuanzia 1 kwa "hapana kabisa" hadi 4 kwa "sana", na mwishoni zinapatikana alama tatu: wasiwasi wa mawazo, wasiwasi wa mwili, na kujiamini. Nililitafsiri mwenyewe usiku mmoja. Kesho yake kocha mkuu akajitolea kugawa fomu baada ya mazoezi ya asubuhi, akazikusanya, akaniletea zikiwa zimepangwa vizuri. Nilimshukuru sana.

Fomu ya kijana wa 800 ninayo mpaka leo. Upande wa kujiamini amejaza 4 mwanzo hadi mwisho. Upande wa wasiwasi amejaza 1 kila mahali, isipokuwa sentensi ya kwanza kabisa, aliyoipa 4. Viduara vyake vyote vina ukubwa mmoja, vimechorwa kwa mkono uliotulia, kama mtu anayejibu mtihani anaoujua. Pembeni niliandika kwa kalamu nyekundu: "Imara kisaikolojia."

Sasa fikiria safari ya karatasi ile. Imetoka mkononi mwa kocha, inarudi mkononi mwa kocha, na kocha ndiye anayepanga nani asafiri na nani abaki. Nani angeandika humo kwamba anaogopa? Ukitaka ukweli kwenye fomu, igawe mwenyewe, ikusanye mwenyewe, na kabla ya yote waambie kwa maneno mepesi nani ataisoma na nani hataisoma. Jambo hili ni dogo, halina gharama, na mimi sikulifanya.

Muda wa kijana ulikuwa umerudi nyuma kwa sekunde tatu. Kwa mbio za 800, sekunde tatu ni umbali wa kuonekana kwa macho. Alikuwa na lalamiko moja tu: "Miguu mizito, mwalimu." Daktari alimpima damu mara mbili, madini ya chuma yakaonekana sawa, kila kitu sawa. Akaletwa kwangu.

Nilimweka kwenye kiti kilichotazamana na changu, kama nilivyofundishwa. Muda wote akawa anaangalia viatu vyangu. Niliandika: "Anakwepa macho, huenda hayuko tayari kushirikiana." Nikamfundisha kupumua, kuvuta hewa kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Alifanya. Nikampa daftari la kuandika hisia zake kila jioni. Akaandika: "Leo nimefanya mazoezi vizuri." Kila nilichomwambia alikifanya, na nikauchukua utiifu ule kama ushirikiano. Kumbe yalikuwa mambo mawili tofauti kabisa. Mtoto aliyelelewa kumheshimu mkubwa atakutii hata ukiwa unampoteza njia.

Kila kikao nilikianza hivihivi.

"Habari?"

"Nzuri, mwalimu."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Nikaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha "hali ya familia" na kuendelea na mambo niliyoyaona ya maana.

Hapa ndipo ninapoona aibu zaidi, kwa sababu lugha hii ni yangu. Kila anayezungumza Kiswahili anajua kwamba "nzuri" ni neno la kufungulia mlango tu. Hata mwenye msiba huanza nalo. "Habari za siku nyingi?" "Nzuri tu. Ila mama ametutoka." Kheri hutangulia, shida hufuata nyuma yake, ikiletwa na "ila", au "lakini", au ile "tu" inayovutwa kidogo. Anayekujali husubiri. Nyumbani husubiri hata bila kujua kwamba nasubiri. Lakini nikiwa na kalamu na fomu mkononi nilisikiliza kama mtu anayehesabu, na "nzuri" ikatosha kujaza kisanduku.

Aliondoka Jumapili asubuhi. Kwenye fomu ya kuondoka aliandika "sababu za kifamilia". Nafasi yake ikajazwa wiki hiyohiyo na msimu wake ukaishia hapo. Katika mwezi uliofuata wanamichezo watatu waliacha kuja vikaoni, na walikuwa na haki. Mimi nilijifungia kwenye stoo ya vifaa nikalia, na nikaandika barua ya kuacha kazi ambayo sikuituma.

Baada ya wiki tatu nilimpigia simu. Nilitaka kuomba radhi ingawa hata sikujua ninaomba radhi kwa lipi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri."

Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kusema, si kwa hekima yoyote. Nikasikia kuku upande wa pili, na mtu akiburuta kiti. Kisha akasema, "Ila mzee alifariki." Tukazungumza karibu saa nzima.

Baba yake alifariki siku nne kabla ya mashindano ya mchujo. Kaka yake mkubwa, ambaye sasa ndiye mwenye kauli nyumbani, alimwambia asitangaze habari kambini mpaka mashindano yapite, asije akatolewa kwenye orodha. Akatii. Akakimbia siku ambayo wenzake walikuwa makaburini. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia hata mimi, peke yangu, mlango ukiwa umefungwa. Akajibu bila hasira kabisa: "Mwalimu, ulikuwa unaniuliza mimi najisikiaje. Lile halikuwa langu peke yangu." Na kuhusu miguu akasema: "Haikwenda kumzika mzee. Ndiyo uzito huo."

Daktari alitafuta uzito ule kwenye damu, mimi nikautafuta kwenye pumzi. Watu wengi duniani hawasemi "nina huzuni" wala "nina msongo". Husema kichwa kimejaa, tumbo linavuruga, moyo unakwenda mbio, miguu mizito. Siku hizi mtu akinitajia mwili wake baada ya daktari kutoona kitu, simwambii kwamba tatizo liko akilini. Neno hilo huwafanya wengi wadhani wanaitwa wendawazimu, na baada ya hapo huwaoni tena. Namuuliza: "Uzito huo ulianza lini, na wakati huo nyumbani kulikuwa na nini?"

Baada ya simu ile nilirudi kwenye vitabu, safari hii nikiuliza swali ambalo chuoni sikuwahi kuliuliza: mambo haya yalipimwa kwa nani? Fani yetu inahesabu miongoni mwa waanzilishi wake Norman Triplett, aliyeandika kuhusu waendesha baiskeli mwaka 1898, na Coleman Griffith, aliyefungua maabara katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 1925. Tangu hapo sehemu kubwa ya vipimo imetengenezwa na kujaribiwa kwa wanafunzi wa vyuo vya nchi chache. Mwaka 2010, Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionyesha ukubwa wa jambo hili kwa saikolojia nzima: katika majarida makubwa waliyoyazungumzia, asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Na tangu 1991 Hazel Markus na Shinobu Kitayama walikuwa wameshaeleza kwamba kuna jamii ambamo mtu hujiona kama kitu kilichokamilika peke yake, na jamii ambamo hujiona kama sehemu ya watu wake, kiasi kwamba furaha, hasira na hamu ya kushinda vyote hupitia kwao. Nilisoma maneno hayo nikakumbuka "halikuwa langu peke yangu". Kijana alikuwa amenieleza kwa sentensi moja.

Ningependa kusema kwamba hapo nilishika njia. Sivyo. Kosa lililofuata lilizaliwa na kusoma kwenyewe, na kwa maoni yangu lilikuwa baya zaidi, kwa sababu safari hii nilikuwa na uhakika.

Nilichora jedwali kwenye daftari. Safu ya kwanza nchi, ya pili dini, ya tatu "sifa". Hawa huheshimu wakubwa, hawa hawasemi hisia, hawa hutegemea familia. Nililijaza kwa bidii na nikajiona nimekuwa mtu wa utamaduni.

Ramadhani ikaingia. Nilikuwa nimesoma kwamba Michezo ya Olimpiki ya London ya 2012, kuanzia Julai 27 hadi Agosti 12, yote iliangukia ndani ya mwezi huo, na kwamba timu nyingi zililazimika kufikiria upya usingizi, ratiba na nguvu za wachezaji. Nikaandaa kikao maalumu cha wanaofunga. Nikaandika orodha ya majina, nikaibandika kwenye ubao wa ukumbi wa chakula. Majina niliyapata kwenye jedwali langu, yaani niliyachagua kwa kuyaangalia tu yanavyosomeka.

Mmoja wa walioorodheshwa alikuwa Mkristo aliyerithi jina la babu yake. Huyo alicheka akapita. Mwingine alikuwa kipa wetu. Kipa hakuwa anafunga, kwa sababu zake mwenyewe, na kwa mwaka mzima alikuwa ameweza kuishi na jambo hilo kimya kimya. Usiku ule, mbele ya meza iliyojaa watu, akaulizwa na wenzake: mbona jina lako lipo na kikaoni hukuja, na mchana tulikuona ukinywa maji? Mimi ndiye niliyemweka pale. Kwa miezi miwili hakunisemesha zaidi ya salamu.

Waliokuja kikaoni walikuwa wanne. Nilizungumza kwa dakika 30 kuhusu uchovu, hasira za mchana na kushuka kwa umakini. Nilipomaliza, dada mmoja anayecheza kiungo aliinua mkono. "Mwalimu, umezungumzia saumu kama vile ni jeraha." Kisha akaeleza kwamba kwake ule ndio mwezi ambao kichwa chake kinatulia kuliko miezi yote, na kwamba mechi zake bora mbili alizicheza akiwa amefunga. Akaongeza kwamba kuna jambo lingine lililomsumbua mwaka mzima na hakuna aliyemuuliza: katika mashindano fulani mwamuzi alimwamuru avue hijabu au atoke uwanjani, wakati FIFA ilisharuhusu kufunika kichwa tangu 2014. Alitoka. Tangu siku hiyo kila mwamuzi akimsogelea, mwili wake unakaza. Kocha alikuwa anasema amepoteza ujasiri wa kuingia kwenye mipira ya kugombania.

Ona basi. Nilikuwa na mchezaji mwenye jambo halisi, la dini yake na la mchezo wake kwa pamoja, jambo ambalo ningeweza kumsaidia, na nilikuwa namsomea ukurasa kuhusu njaa. Tulilifanyia kazi baadaye, wiki baada ya wiki. Sehemu ya dawa haikuwa kichwani mwake kabisa. Nilimwomba meneja wa timu awe anabeba nakala ya kanuni kwa kila mechi na kuzungumza na waamuzi kabla ya kipenga cha kwanza. Nawasihi wenzangu mlikumbuke hili. Wakati mwingine mwanamichezo hana tatizo la akili ya mchezo, ana tatizo la kutotendewa haki, na kumfundisha kupumua ni kumwambia avumilie.

Jedwali nililichana. Wakati huo nilisoma makala ya madaktari wawili wa Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, ya mwaka 1998. Wao hawakutaka daktari aseme "nimeshaujua utamaduni wa mgonjwa". Walitaka unyenyekevu: ujikague maisha yako yote, ukubali kwamba mwenye kujua maisha ya mtu ni mtu mwenyewe, na uangalie nguvu uliyonayo juu yake. Hilo la nguvu ndilo nililokuwa nimelipita. Orodha yangu ilibandikika kwa sababu mimi nilikuwa na funguo za ubao.

Habari ya mkalimani nitaieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu naona makosa haya yakifanywa kila mahali.

Tulikuwa na mrusha mkuki aliyejua maneno machache tu ya Kiswahili. Mwenzake wa nchi moja, mrusha mkuki pia, alikuwa anakizungumza vizuri, nikamwomba atutafsirie. Nikauliza swali. Yule dada akazungumza kwa karibu dakika mbili. Alishika bega la kulia, akaonyesha mlangoni, akapandisha sauti, akashusha, akafuta jicho kwa kiganja. Mkalimani akanigeukia: "Anasema yuko sawa." Nikauliza tena. Maneno mengi, mikono mingi. "Anasema anashukuru."

Nilijua kuna kitu kimebaki njiani na bado niliendelea na vikao vinne vya namna hiyo, kwa sababu ilikuwa rahisi na haikuwa na gharama. Wale wawili walikuwa wanagombania nafasi moja ya timu. Aliyoyasema kuhusu bega lake yalifika bwenini kabla ya chakula cha jioni. Alipogundua, akafunga mdomo, na sikumlaumu.

Tangu hapo simtumii mwenzake, simtumii kocha, simtumii ndugu. Nilitafuta mkalimani wa kulipwa, mtu wa nje asiyehusika na michezo, akawa anatafsiri kwa simu. Miezi miwili ya kwanza nililipa mwenyewe, mpaka uongozi ulipoona faida na kuiingiza gharama hiyo kwenye bajeti. Kabla ya kikao nazungumza naye dakika kumi: atafsiri yote, asifupishe, aseme "mimi" pale mwanamichezo anaposema "mimi", na kama neno halina mwenzake aniambie hivyo badala ya kubuni. Ndani ya kikao namtazama mwanamichezo, si simu. Nasema sentensi fupi. Kazi inakwenda polepole, lakini inakwenda.

Dodoso nalo nililirudia. Richard Brislin alishaeleza mwaka 1970 njia ya kurudisha tafsiri: mmoja anatafsiri, mwingine ambaye hajaona maandishi ya kwanza anairudisha kwenye lugha ya mwanzo, kisha mnalinganisha. Sentensi ya kwanza ya dodoso ilikusudia kuuliza kama mashindano yanamtia mtu wasiwasi. Mimi, usiku ule wa haraka, nilikuwa nimeandika "Nayajali mashindano haya." Nani hayajali? Kila aliyeipenda kazi yake alijaza 4 na kuongezewa alama za wasiwasi. Nikaelewa kwa nini kijana wa 800 aliipa sentensi hiyo 4 peke yake. Hapo alikuwa amesema kweli.

Neno la kujipa moyo nalo lilinifunza jambo. Nilizoea kuwapa wakimbiaji sentensi za kujiambia kabla ya mbio: mimi ni bora, mimi ninaweza, mimi sina mpinzani. Msichana mmoja wa kupokezana vijiti aliandika ya kwanza, akaifuta, akaandika tena, akaifuta mpaka karatasi ikatoboka. "Najiona kama najisifu," akasema. Nikamuuliza huwa anajiambia nini akiwa amesimama mstarini. Akaona haya, kisha akasema: "Nasema, umetumwa."

Umetumwa na nani? Na bibi aliyemlea. Na wadogo zake wanaosoma kwa posho yake. Na wenzake watatu wanaosubiri kijiti. Neno moja lenye watu wote hao ndani yake. Nilikuwa karibu kumwambia kwamba huo ni mzigo na anatakiwa akimbie kwa ajili yake mwenyewe, kama vitabu vyangu vya mwanzo vilivyonielekeza. Nashukuru kwamba nilijizuia. Tulikaa tukachunguza neno hilo linamnyanyua wapi na linamlemea wapi. Kwenye chumba cha kuitwa majina, pale wakimbiaji wanaposubiri kabla ya mbio, lilimnyanyua. Kwenye kona ya mwisho, misuli ikiwaka, lilimlemea, akaanza kufikiria ada za wadogo zake. Kwa hiyo "umetumwa" likabaki la chumba kile, na kwenye kona akachagua mambo ya mwili tu: mkono, goti, kijiti.

Nilikuja kukuta kwamba hata watafiti walishaona hali ya kukaribiana na hii. Katika utafiti wa Heather Peters na Jean Williams wa mwaka 2006, watu walirusha vishale. Kwa Wamarekani wenye asili ya Ulaya, maneno makali ya kujikosoa yaliendana na kurusha vibaya, lakini kwa wenye asili ya Asia yaliendana na kurusha vizuri zaidi. Usilichukue hilo ukachore jedwali kama langu, hata hivyo. Mwenzake wa msichana huyu, aliyetoka naye kijiji kimoja na kusoma naye shule moja, aliipenda "mimi ni bora" na akaiandika kwenye mkono kwa kalamu ya wino kila siku ya mbio.

Niseme pia kuhusu kuwapa mifano ya nyota. Baada ya Naomi Osaka, mcheza tenisi, kujitoa kwenye mashindano ya wazi ya Ufaransa mwaka 2021, na Simone Biles wa jimnastiki kujiondoa katika fainali kadhaa za Olimpiki ya Tokyo mwaka huohuo, niliwaeleza vijana habari zao ili waone kwamba kusema "siwezi leo" si udhaifu. Ukumbi ulikuwa kimya. Bondia mmoja alinifuata nje. "Mwalimu, wale wakisema hapana, dunia nzima inawasikiliza. Mimi nikisema hapana, natafutiwa tiketi ya kurudi." Kibali chake cha kuishi kilitegemea kuwa kwake kambini. Sikuwa na jibu. Nilichofanya, baada ya miezi ya vikao na benchi la ufundi, ni kupata makubaliano ya maandishi: yanayosemwa kwangu hayaendi kwa kocha, hata kama mtu amekuja au hakuja hayaendi, isipokuwa maisha ya mtu yako hatarini au mtoto anadhulumiwa. Karatasi hiyo naisoma mbele ya wanamichezo, kocha mkuu akiwa amekaa hapohapo, ili wamsikie yeye akisema amekubali. Tiketi ya bondia siwezi kuizuia. Lakini angalau haitatoka kwangu.

Kikao cha kwanza siku hizi hakina viti. Tunatembea kuzunguka uwanja, bega kwa bega, kila mmoja akiangalia mbele, na suala la macho linajimaliza lenyewe. Nauliza mtu angependa nimwite nani na yeye aniite nani. Nauliza jambo likimsumbua huwa anamwambia nani kwanza, na kama angependa mtu huyo ajue tunachofanya. Kwa kijana wa 800, swali hilo lingetupeleka kwa kaka yake ndani ya dakika tano. Mwisho nauliza kama kuna kitu watu wa kambini wamezoea kukidhania kumhusu na si kweli. Sipati majibu mazuri siku ya kwanza. Nayapata mara nyingi mzunguko wa tatu au wa nne, wiki ya pili. Na akiniambia "nzuri", nahesabu moyoni hadi kumi kabla ya kufungua mdomo. Kumi ni ndefu sana, hasa kwangu mimi niliyekulia nyumba ambayo ukimya ulimaanisha mtu amekasirika. Hilo nalo nililiona kwa msaada wa mama mmoja mzoefu wa fani ninayemsimulia kazi zangu mara moja kwa mwezi. Yeye ndiye aliyeniuliza: na wewe, umetoka wapi?

Kipa nilimwomba radhi mara mbili. Mara ya kwanza niliharibu, nilieleza sana nia yangu ilikuwa nini. Mara ya pili nilisema tu kwamba niliandika jina lake bila kumuuliza, na kwamba nimekosa. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufunga kamba za viatu.

Wiki kadhaa baadaye, mazoezi yakiwa yamekwisha na watu wamekwenda kuoga, alikuja akakaa kwenye benchi niliyokaa, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Alivua glovu, akazikung'uta nyasi, akaziweka kwenye ile nafasi. Nikamuuliza habari. Akasema nzuri. Taa za uwanja zilizimwa upande mmoja. Kisha akaniambia kwa nini hafungi, akaniambia na mengine. Hayo si ya kuandika hapa.